Jina la mzee limeandikwa wapi?

Leo nimekuja na swali moja tu. Kila mwenye mzazi, mlezi, shangazi au babu nyumbani kwake alichukue, ajiulize kabla ya kulala. Jina la mzee wako limeandikwa wapi? Siulizi karangamuntu, kile kitambulisho cha uraia. Nauliza kadi ya matibabu.

Mimi swali hili nililisikia saa nane za usiku, nimesimama mbele ya dirisha la malipo la hospitali moja ya hapa mjini Bujumbura. Mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, alikuwa ameamka kwenda msalani, mguu wa kushoto ukakataa. Akakaa chini pale pale sebuleni, akawa anasema maneno yasiyoshikika. Presha. Kwamba ana presha tulikuwa tunajua. Tusilolijua ni kwamba kwa wiki tatu alikuwa akikikata kidonge kimoja vipande viwili, ili pakiti imfikishe mwisho wa mwezi. Vile vipande tulivikuta baadaye kwenye pindo la kanga yake, kila kimoja kimeviringishwa ndani ya kijikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la mjukuu.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kadi ya MFP, mituweli ya matibabu ya watumishi wa serikali, anatembea nayo mkobani. Mama mkubwa ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, ndiye aliyeuza dagaa ili yeye asome. Basi dada akaitoa ile kadi bila wasiwasi wowote, akaipitisha dirishani. Kijana aliyekuwa zamu akaisoma, akaigeuza nyuma, akauliza kwa upole: "Mama, huyu mgonjwa ni nani wako?" Dada akajibu: "Ni mama yangu." Kijana akasema: "Sawa, lakini jina lake limeandikwa wapi?"

Halikuandikwa popote. Na yule kijana sina neno naye, alikuwa anafanya kazi yake kama ipasavyo. Kosa lilikuwa letu, tena la miaka mingi. Sote nyumbani tuliamini kwamba mzee anaingia kwenye kadi ya mwanawe kama anavyoingia nyumbani kwake, bila kubisha hodi. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshalishughulikia. Tulilipa siku zote tatu alizolazwa kwa bei kamili, franga 240,000, tukakopa kwa watu watatu tofauti. Mama mkubwa akapona, Mwenyezi Mungu ashukuriwe, ingawa mkono wa kushoto hadi leo haushiki kikombe kilichojaa.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza. Nimeuliza komini, nimeuliza vituo vya afya, nimeuliza wastaafu wanaokaa barazani baada ya sala ya alasiri. Na nitawaeleza nilichokipata, kwa sababu naamini yaliyotukuta sisi yapo katika nyumba nyingi zinazonisikia sasa hivi.

Tuanze na hiyo MFP, Mutuelle de la Fonction Publique. Ilianzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya watumishi wa serikali. Mchango hukatwa kwenye mshahara, mwajiri naye anaongeza wake, na mtumishi anapougua mituweli hubeba sehemu kubwa ya gharama, yeye akamalizia iliyobaki. Ni kadi nzuri, na anayeistahili aishike kwa mikono miwili. Lakini imewekwa kwa ajili ya mtumishi, mume au mke wake, na watoto wake. Mama wa mtumishi hayumo. Aliyemlea ndiyo kabisa hayumo. Sheria inasoma nyumba ya watu wawili na watoto wao, wakati sisi hapa Buyenzi tunajua nyumba ni nani na nani: kuna bibi chumba cha uani, kuna mjomba aliyekuja kwa wiki moja mwaka juzi, kuna mtoto wa marehemu.

Kama mzee wako mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali, hapo pana heri. Mstaafu wa serikali anaweza kubaki mwanachama wa MFP, na mjane wake pia asikubali kujitoa mwenyewe kabla ya kuuliza haki yake. Ila jambo hili halijifanyi lenyewe. Mtu akistaafu, mafaili yake yanahama kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na katikati ya safari hiyo kadi inaweza kukauka bila yeye kujua. Mzee anagundua siku ya kuugua. Kwa hiyo wewe mwenye baba anayestaafu mwaka huu, mwambie kabla ya kuagana na wenzake ofisini aulize maneno mawili: mchango wangu wa matibabu kuanzia mwezi ujao utakatwa wapi, na kadi yangu mpya naichukua lini.

Sasa tuje kwa wale waliofanya kazi kwa watu binafsi, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapojidanganya. INSS, Institut National de Sécurité Sociale, ipo tangu 1962. Inalipa pensheni, na inamfidia mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini haina tawi la matibabu ya kawaida. Presha hailipii, sukari hailipii, mtoto wa jicho hailipii. Wakati mtu yuko kazini, mwajiri ndiye humsaidia kutibiwa, kwa mpango wa kampuni au kwa bima iliyonunuliwa kwa jina la kampuni. Siku anayokabidhi funguo za gari na sare, na ule mpango unakabidhiwa pamoja navyo.

Nina jirani aliyekuwa dereva wa kampuni zaidi ya miaka ishirini. Pensheni yake inaingia. Anapokwenda kuichukua huvaa koti, kofia anaipiga brashi, na ana haki ya kujivunia. Nikamuuliza: "Mzee, na kadi ya matibabu?" Akanitolea karatasi ya INSS, imekunjwa mara nne, imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akaniambia: "Si hii?" Sikuwa na moyo wa kumjibu pale pale. Nilirudi kesho yake na binti yake, tukakaa naye, tukamweleza taratibu kwamba karatasi ile ni ya kula, ya kutibiwa ni nyingine.

Hiyo nyingine, kwa wazee wengi wa mji huu, ndiyo CAM. Carte d'Assistance Médicale. Wapo wanaoikumbuka tangu ilipoanza mwaka 1984, ikiuzwa franga 500. Mwaka 2012 ikapandishwa hadi franga 3,000. Inanunuliwa komini, na mpango wake ni huu: katika vituo na hospitali za serikali, serikali inabeba asilimia 80 ya gharama na mwenye kadi analipa asilimia 20. Fanyeni hesabu pamoja nami. Zile franga 240,000 zetu zingekuwa 48,000. Kwa franga elfu kadhaa tungeepuka deni la watu watatu. Mimi hesabu hii niliipiga usiku ule ule, kwenye benchi la nje, kwa kalamu ya muuguzi, na sitaisahau.

CAM imewekwa kwa ajili ya mkulima, mvuvi, muuza nyanya wa soko la Ruvumera, fundi wa gereji, mama wa nyumbani: yaani watu wasiokuwa na mwajiri wa kuwakata mshahara. Inachukuliwa kwa kaya, mume, mke na watoto wao ambao bado wadogo. Narudia, na watoto wao. Mama mzazi anayeishi kwako anahesabiwa kuwa kaya yake mwenyewe hata kama mnakula sahani moja. Anahitaji kadi yake. Ukinunua CAM yako ukadhani umemfunika na bibi wa chumba cha uani, unatembea njia ile ile tuliyotembea sisi.

Mnaweza kuuliza, mbona mtoto haulizwi haya yote? Ni kweli, haulizwi. Katika nchi hii tuliwahi kuwa na miaka migumu sana ya kulipia hospitali. Mwaka 2006 Human Rights Watch pamoja na APRODH, shirika la haki za binadamu la hapa nchini, walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliokuwa wakizuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Watu wamepona, wameruhusiwa na daktari, lakini hawaruhusiwi na mlinzi wa getini. Mwaka huo huo, tarehe 1 Mei, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure. Vituo vya afya vikajaa hadi nje. Uamuzi ule uliokoa watoto, na mimi nina wapwa wawili waliozaliwa chini ya kivuli chake. Lakini ukimtazama mtu tangu kuzaliwa hadi kuzeeka, utaona nchi imemshika mkono mwanzoni mwa safari, na mwishoni, pale magoti yanapouma na macho yanapofifia, imemwachia mwanawe amshike. Ninasema wazi kwamba ningependa siku moja nione umri wa miaka 60 au 70 ukiheshimiwa dirishani kama unavyoheshimiwa umri wa miaka minne.

Majirani zetu nao wana njia zao. Nchini Rwanda, mituweli ya afya huhesabu kila mtu aliyemo ndani ya nyumba, kichwa kwa kichwa. Bibi akiishi kwako anaonekana kwenye orodha, na wale walio maskini kabisa serikali huwalipia. Tanzania, sera ya wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na wengi wetu tuliokaa Kigoma tumewaona wazee wakienda zahanati na vitambulisho vyao, ingawa dawa zenyewe si kila siku zinapatikana. Kenya, tangu Oktoba 2024, wameiacha NHIF, bima yao ya afya ya zamani, na kuingia SHA, na kila mtu anatakiwa ajiandikishe kwa jina lake, awe na mshahara au asiwe nao. Nazitaja nchi hizi kwa jambo moja: kote huko kitu cha kwanza ni jina la mzee kusomeka mahali.

Nirudi komini. Tulipokwenda kumwandikisha mama mkubwa, tulikwama kwa kitu ambacho watu wa Buyenzi na Bwiza watakielewa haraka. Mtaani anaitwa Bi fulani, jina la Kiislamu alilopewa na bibi yake, nalo ndilo kila mtu analijua. Karangamuntu ina jina la Kirundi alilopewa na baba. Daftari lake la kituo cha afya lina jina la mtaani. Na mwaka wa kuzaliwa kwenye daftari unatofautiana na wa karangamuntu kwa miaka minne, kwa sababu wakati anazaliwa hakuna aliyeandika, waliokumbuka walikumbuka mafuriko na mavuno. Karani alikuwa mvumilivu. Alimwita "nyanya", akampa kiti, akamuuliza anataka lipi. Mama mkubwa akafikiri kidogo, akasema: "Andika la kwenye karangamuntu. La pili Mungu analijua."

Basi hilo ndilo la kwanza la kuangalia nyumbani, tena leo. Toa karangamuntu ya mzee, toa daftari lake la kliniki, toa karatasi yoyote ya pensheni, uviweke sambamba mezani. Herufi moja ikipishana, nenda karekebishe wakati mzee anatembea kwa miguu yake. Karangamuntu iliyochakaa, ile ambayo picha imefutika kwa jasho la mfukoni, ibadilishwe kwanza.

La pili ni siku ya kununua. Tuna mazoea ya kusubiri mtu augue ndipo mmoja akimbie komini. Lakini mzee haugui saa za kazi. Mama mkubwa aliugua saa nane za usiku, kuamkia Jumapili. Na tazameni pia upande wa pili: mfuko ambao watu wanaingia siku ya ugonjwa peke yake ni kama chungu kinachopakuliwa na wengi na kupikiwa na wachache. Serikali ikichelewa kuzilipa hospitali ile sehemu yake ya asilimia 80, hospitali nayo inakosa pesa za dawa. Hapo mwenye kadi anapewa ordonansi, karatasi ya dawa, mkononi, anaambiwa akatafute mjini, na kwenye duka la dawa la mjini CAM haina kazi, analipa yote. Tumeliona hili mara nyingi, na linavunja moyo. Wapo walioacha kununua kadi kwa sababu hiyo. Mimi siwalaumu, ila nawaomba warudi kwenye hesabu: hata dawa mkizinunua nje, kitanda, vipimo na upasuaji ndivyo vinavyofilisi nyumba, na huko ndiko asilimia 80 inakoonekana.

La tatu, mzee mwenye kadi apelekwe mahali kadi inakokubalika. Matibabu ya serikali yamepangwa kama ngazi: kituo cha afya cha karibu, hospitali ya wilaya, halafu hospitali kubwa kama Prince Régent Charles au ile ya chuo kikuu pale Kamenge, tunayoiita Roi Khaled. Kwa mzee wa presha au sukari, kile kituo cha chini ndicho nyumbani kwake. Pale wanamjua, wanampima kila mwezi, na wakiona limewazidi wanamwandikia karatasi ya kumpeleka juu. Kuruka ngazi na kwenda moja kwa moja juu kwa ugonjwa wa kawaida ni kujitafutia gharama. Na kabla ya kumkimbiza mzee kwenye kliniki ya binafsi kwa sababu ina viti vizuri, uliza kwanza mlangoni, kwa sauti: CAM mnaipokea? MFP mnaipokea?

Wako watoto wenye uwezo kidogo, wengine wako ng'ambo, Ubelgiji au Kanada, wanataka kumnunulia mama bima ya kampuni. Ni wema mkubwa. Lakini ndugu zangu, msitume pesa kabla karatasi haijasomwa. Kampuni nyingi za bima huweka ukomo wa umri wa kuingia. Akishavuka, hawampokei au wanampokea kwa bei nyingine. Uliza ugonjwa alio nao tayari unalipiwa au unaachwa nje, kwa sababu bima isiyolipia presha kwa mtu wa presha haimfunikii kitu anachokihitaji. Uliza ni miezi mingapi mtalipa kabla ya kuanza kutibiwa. Uliza kikomo cha mwaka mzima ni franga ngapi. Na umri wa mzee usipunguzwe hata mwaka mmoja kwenye fomu, wala ugonjwa usifichwe. Uongo ule unakaa kimya miaka mitatu, unasema siku ya kulipwa.

Na kwa yule ambaye hana franga hata moja, wala mtoto, wala mpwa? Wapo, na baadhi wanatusikia kwa redio ya jirani. Komini inaweza kumwandikia hati ya kutokuwa na uwezo, na wizara inayoshughulikia mshikamano wa kitaifa ndiyo hubeba matibabu ya watu wa namna hiyo. Njia ni ndefu na ina miguu mingi. Ndiyo maana mzee wa peke yake anahitaji mtu wa kwenda naye. Kijana wa mtaani mwenye nusu siku anaweza kufanya hivyo. Imamu, padri na mchungaji wanajua ni nani hao kwenye mtaa wao, kwa majina.

Imebaki ile asilimia 20, na hii nayo msiidharau. Sisi nyumbani tumefungua kikopo. Kila mwisho wa mwezi, sisi wanne, mimi, dada na wadogo zetu wawili, kila mmoja anatia kidogo, na dada ndiye anayeandika. Kwanza zinatoka za vidonge, ili pakiti inunuliwe nzima kabla ile ya zamani haijaisha. Kinachobaki ni cha asilimia 20 ya siku tusiyoijua. Mama mkubwa mwenyewe aliomba aweke, tukakataa, akakasirika kweli kweli. Sasa anaweka franga mia, kila mwezi, mbele yetu, na dada anaandika jina lake kwenye daftari pamoja na yetu.

Kadi yake tumeitia kwenye nailoni, imening'inizwa kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango, pamoja na karangamuntu na daftari la kliniki, ili hata mjukuu wa darasa la nne aweze kuichukua gizani. Ubavuni mwa mlango, kwa chaki, tumeandika tarehe ya kwisha kwake: 14 Machi. Mimi tarehe 1 nitakuwa komini asubuhi. Dada yangu ameshasema kama nitakuwa na kazi, yeye atakwenda, na mdogo wetu wa Kinama amesema hata sisi wawili tukishindwa, yeye yupo.